Namna jeni chache zinavyozaa protini nyingi

Mtoto aliyerithi selimundu kwa baba na kwa mama huzaliwa akionekana mzima. Awe Wete au Makunduchi, atanyonya miezi minne, mitano, na mama yake hataona kitu. Karibu na mwezi wa sita ndipo vidole vinapovimba, mtoto akishikwa analia, macho yanaingia umanjano. Kasoro haikuingia mwezi huo. Alikuwa nayo tangu siku ya mimba. Kilichogeuka ni jeni inayotumika.

Himoglobini ya mtoto mchanga imejengwa kwa minyororo minne ya protini: alfa miwili na gama miwili. Ya mtu mzima ni alfa miwili na beta miwili. Selimundu ni kasoro ya beta peke yake: kwenye kodoni ya sita, yaani kundi la sita la herufi tatu za DNA, GAG imekuwa GTG, na mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini, asidi amino nyengine ya kujengea protini. Gama haina kasoro hiyo, kwa hiyo maadamu gama ni nyingi, chembe nyekundu za damu hazipindi. Ndiyo maana kipimo cha haraka cha kuyeyusha himoglobini hakifai kutegemewa kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Kinaweza kusema hana ilhali anayo. Umri huo unahitaji kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kwa umeme au kwa kromatografia. Na dawa ya hidroksiyurea husaidia wagonjwa, hasa kwa sababu huiamsha tena gama.

Sasa gama yenyewe ilitoka wapi, na kwa nini mwili uwe na jeni mbili za kazi zinazokaribiana hivi? Jibu ni urudufu: jeni moja ya kale ilinakiliwa, nakala zikaachana. Iko na njia ya pili ya kupata protini mpya bila ya kuongeza jeni hata moja, nayo ni kuukata na kuuunga ujumbe wa RNA, yaani nakala ya jeni inayosomwa ili kujenga protini, kwa namna tafauti. Tuiite uungaji mbadala. Skuli na vyuoni njia hizi mbili husomeshwa kama sura zisizojuana, na hilo linawapotosha wanafunzi. Njia hizi zinalishana, na kila moja ina gharama yake. Gharama hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kiumbe mmoja amefuata hii na mwengine ile.

Nakala zinavyopatikana

Kwenye kromosomu ya 11 jeni za jamii ya beta zimejipanga mstari mmoja: epsiloni, gama mbili, moja iliyokufa, delta, kisha beta. Epsiloni hutumika katika wiki za mwanzo za kiinitete. Gama mbili zinatafautiana kwa asidi amino moja tu, ya nafasi ya 136: moja ina glisini, nyengine alanini. Delta ipo lakini huzaa kidogo, kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ya himoglobini ya mtu mzima. Ile iliyokufa bado inasomeka kwenye DNA ila haitoi protini. Jamii ya alfa iko mbali, kromosomu ya 16. Alfa na beta ziliachana kiasi cha miaka milioni 450 iliyopita. Mstari huu mmoja unaonesha karibu kila hatima inayoweza kuipata nakala: kufa, kubaki vile vile, kudhoofika, au kupewa zamu yake ya kufanya kazi.

Nakala huzaliwa mara nyingi wakati mbegu na mayai yanatengenezwa, kromosomu mbili zinapobadilishana vipande na zikakosea kupangana. Moja hutoka na ziada, ya pili na upungufu. Alama ya kosa hilo tunayo hapa pwani. Kwa kawaida kila kromosomu ya 16 ina jeni mbili za alfa, tena zinafanana mno, na kufanana huko ndiko kunakozikosesha mpangilio: kipande cha herufi 3,700 hivi hukatika, kromosomu moja ikabaki na alfa moja, nyengine ikapata tatu. Hali ya alfa moja, talasemia ya alfa, imeenea sana pwani ya Afrika Mashariki, na utafiti uliofanywa Kilifi umeonesha kwamba humkinga mtoto na malaria kali. La kustaajabisha ni kuwa kinga hii na ile ya kubeba jeni moja ya selimundu zikikutana kwa mtoto mmoja, karibu hufutana.

Njia ya pili ya kupata nakala ni RNA iliyokwisha kukatwa na kuungwa kugeuzwa tena kuwa DNA na kupachikwa kwengine. Nakala hiyo huja bila ya introni (vipande vinavyotupwa wakati wa kukata) na mara nyingi bila ya swichi yake ya kuiwasha, kwa hiyo nyingi hufa. Njia ya tatu ni kubwa zaidi: kromosomu zote kurudufika kwa pamoja. Mimea huvumilia hilo vizuri. Mgomba una alama za marudufu matatu ya namna hiyo katika nasaba yake, na ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu za kromosomu. Wanyama wenye uti wa mgongo nao wamepitia mara mbili, kiasi cha miaka milioni 500 iliyopita, na samaki wengi wakaongeza ya tatu. Ndiyo maana binaadamu ana mafungu manne ya jeni za Hox zinazopanga mwili toka kichwa hadi mkia, na samaki mdogo wa maabara anayeitwa zebrafish ana saba.

Mvuvi mwenye ngarawa moja hathubutu kuichezea. Akiwa na mbili, moja huendelea kuleta kitoweo na ya pili akaijaribia tanga jipya. Hoja hiyo, kwa lugha ya jeni, ndiyo aliyoitilia mkazo mwanajenetiki Susumu Ohno mwaka 1970. Ni hoja sahihi, ila isichukuliwe kuwa nakala nyingi hupata kazi mpya. Nyingi hunyamaza ndani ya miaka milioni chache, kwa sababu hakuna kinachozilinda na makosa. Njia nyengine ya kusalimika, iliyofafanuliwa mwaka 1999, ni ya unyenyekevu zaidi: jeni mama ilikuwa na kazi mbili, nakala moja ikapoteza ya kwanza, nyengine ikapoteza ya pili, na sasa zote mbili ni za lazima. Hakuna kilichobuniwa. Lakini tangu hapo kila moja inaweza kunolewa kwa kazi yake bila ya kuiumiza nyengine.

Mfano ulio mzuri kuliko yote, kwangu, ni wa jamaa za kima punju wetu wa Jozani. Kima hawa na mbega wengine hula majani, na tumbo lao la mbele limejaa bakteria wanaoyachachusha. Bakteria hao wanapofika kwenye utumbo mwembamba humeng'enywa, na RNA yao ina naitrojeni ambayo mnyama anaitaka. Kimeng'enya cha kuikata RNA, RNASE1, hufanya kazi vyema kwenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 7.4. Kwa mbega wa Asia aitwaye douc, jeni hiyo imerudufika. Nakala ya pili imebadilika ikafanya kazi vyema kwenye pH ya 6.3, karibu na hali ya utumbo wa mnyama huyo, na imepoteza uwezo wa kuikata RNA yenye nyuzi mbili, kazi ambayo ile ya kwanza imebaki nayo. Kisha mwaka 2006 ikaoneshwa kuwa mbega wa Afrika, guereza, naye ana nakala za ziada, zilizozaliwa peke yake, na baadhi ya asidi amino zimebadilika zile zile. Mabara mawili, urudufu mbalimbali, matokeo yanayofanana. Ushahidi kama huu ni adimu.

Hata harufu ya karafuu imetokana na jamii ya vimeng'enya vilivyorudufika. Kimeng'enya cha mwisho kinachotoa eugenoli, ambacho kilitambuliwa mwaka 2006 kwenye mrihani, ni ndugu wa vimeng'enya ambavyo mimea hutumia kutengenezea lignani, kemikali nyengine kabisa za kujikinga.

Ukataji na uungaji

Jeni ya mtu haikuandikwa mfululizo. Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na wenzake, waligundua hilo mwaka 1977 kwenye virusi vya adeno, na mwaka 1993 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Vipande vinavyobaki kwenye ujumbe huitwa eksoni, vinavyotupwa, introni. Eksoni ya kawaida ya binaadamu ina herufi 150 hivi, introni hufika maelfu.

Mtambo wa kukata unaitwa splaisosomu na unajikusanya upya kwa kila introni. Sehemu yake ya U1 hushika mwanzo wa introni, penye GU. U2 hushika herufi A iliyo ndani, kiasi cha herufi 20 hadi 40 kabla ya mwisho. Kisha U4, U5 na U6 huingia pamoja, U1 na U4 zikatoka. Kata ya kwanza huutenga mwanzo wa introni na kuufunga kwenye ile A, pakawa na kitanzi. Kata ya pili hufanyika mwishoni, penye AG, na eksoni mbili zikashikana.

Tabu ni kuwa GU na AG zimejaa kila mahali kwenye introni ndefu. Seli huchagua kwa msaada wa protini nyengine zinazokaa juu ya RNA: za jamii ya SR kwa kawaida huualika mtambo, za jamii ya hnRNP kwa kawaida huuzuia. Uwiano wake katika ubongo si uwiano wa ini. Kwa hiyo ujumbe ule ule hupoteza eksoni huku na kuibakisha kule, na tafiti za mwaka 2008 zilionesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya jeni za binaadamu zenye eksoni nyingi hutoa ujumbe wa aina zaidi ya moja.

Kuna hesabu moja isiyosamehe hapa. Ribosomu, mtambo wa seli unaojenga protini, husoma herufi tatu tatu. Eksoni yenye urefu unaogawika kwa tatu ikirukwa, protini hupungua kipande na kuendelea. Isiyogawika ikirukwa, usomaji wote unaofuata huharibika, na kwa kawaida alama ya kusimama hujitokeza mapema. Alama hiyo ikiwa zaidi ya herufi 50 hadi 55 kabla ya kiungo cha mwisho cha eksoni, seli huuharibu ujumbe mzima. Talasemia ya beta iliyoenea Kupro, Ugiriki na Uturuki inatokana na kosa la namna hii: herufi ya 110 ya introni ya kwanza, G, ikawa A, ikazaa AG mpya. Mtambo ukaipendelea hiyo, na herufi 19 za introni zikabaki kwenye ujumbe. Kumi na tisa haigawiki kwa tatu.

Lakini njia hii ikienda sawa hufanya makubwa. Mbu wa *Anopheles gambiae* ana jeni iitwayo *doublesex*. Jike huibakisha eksoni ya tano, dume huiruka. Protini mbili zinazotoka ndizo zinazoamua mwili uwe wa kike au wa kiume. Mwaka 2018 watafiti wa London waliivunja eksoni hiyo ya kike kwa jeni inayojisambaza yenyewe. Madume hawakudhurika. Majike waliorithi nakala mbili zilizovunjwa hawakuzaa na hawakuweza kuuma, na mbu wa kwenye vizimba wakatoweka ndani ya vizazi 7 hadi 11. Kwa visiwa vilivyopambana na malaria kama vyetu, ni habari ya kufuatiliwa kwa karibu, ingawa bado ni ya vizimbani.

Tatizo moja, majibu matatu

Tawi la seli ya neva linatakiwa lijue kuwa tawi lililo karibu yake ni la seli ile ile, lisije likajifunga na nafsi yake. Kwa hiyo kila seli inahitaji kitambulisho chake, na vitambulisho vinatakiwa viwe maelfu.

Nzi wa matunda amelitatua hilo kwa jeni moja, *Dscam1*. Eksoni yake ya 4 ina matoleo 12, ya 6 ina 48, ya 9 ina 33, ya 17 ina 2, na kila ujumbe huchagua toleo moja moja. Zidisha: 38,016. Idadi hiyo inapita mara mbili ya jeni zote za nzi huyo.

Pweza hakufuata njia hiyo. Jenomu ya pweza wa California iliposomwa mwaka 2015, zilikutwa jeni 168 za protokadherini, protini zinazoshikanisha seli za neva, wakati wanyama wengi wasio na uti wa mgongo wana chache sana. Pweza ana seli za neva kiasi cha milioni 500, na thuluthi mbili zake zimo mikononi, mikono ile ile ambayo wanaokwenda kuwinda pweza miambani wanajua inavyojiendesha hata baada ya kukatwa. Kazi anayoifanya nzi kwa kuunga, pweza anaonekana kuisogelea kwa kurudufu.

Sisi tumechanganya. Binaadamu ana protokadherini 53 zilizopangwa kwenye mafungu matatu, alfa, beta na gama. Kwenye fungu la alfa na la gama kuna safu ya eksoni za mwanzo zilizorudufika, na kila seli huchagua baadhi na kuziunga na eksoni tatu za mwisho zinazotumiwa na zote.

Kwa nini wasifanane? Hapa ndipo gharama inapoonekana. Matoleo ya uungaji yanashirikiana eksoni nyingi, kwa hiyo badiliko kwenye eksoni ya pamoja huyagusa yote, hata lile ambalo halikulihitaji. Yanashirikiana pia wingi wa ujumbe: likiongezeka moja, mara nyingi jengine hupungua. Nakala za urudufu ziko huru, lakini kila moja inahitaji swichi yake na ulinzi wake, na mwanzoni mwili hupata protini mara mbili ya kawaida, jambo ambalo kwa jeni nyengine ni maradhi.

Zinapokutana

Safu za matoleo ya *Dscam1* zilitokana na kurudufika kwa eksoni ndani ya jeni moja, si jeni nzima. Mfano ulio wazi zaidi ni *PKM*, jeni ya kimeng'enya cha kuvunja sukari. Eksoni ya 9 na ya 10 ni ndugu, kila moja herufi 167. Misuli hutumia ya 9, ikapata PKM1; kiinitete na seli nyingi za saratani hutumia ya 10, PKM2. Urefu huo haugawiki kwa tatu: ukiziruka zote mbili usomaji unaharibika, ukizibakisha zote mbili, herufi 334, unaharibika vile vile. Moja tu ndiyo inayokubalika, na hesabu yenyewe inailinda kanuni hiyo.

Mwendo wa upande wa pili nao upo. Jeni *MITF*, inayohusika na seli za rangi ya ngozi na za jicho, kwa mamalia ni moja yenye eksoni za mwanzo mbalimbali. Kwa samaki wenye ule urudufu wa tatu zipo mbili, na zimegawana zile aina mbili: kilichokuwa matoleo ya jeni moja kimekuwa jeni mbili.

Kisha kuna *SMN1*, ambayo ikikosekana mtoto hupata kudhoofika kwa misuli kunakotokana na uti wa mgongo. Binaadamu ana nakala yake, *SMN2*, inayotofautiana kidogo sana. Tafauti yenye uzito ni moja: herufi ya sita ya eksoni ya 7, C, imekuwa T. Asidi amino haibadiliki, lakini mtambo hauioni tena eksoni vizuri na huiruka mara nyingi, hata ni kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya protini inayotoka nzima. Urudufu ulimpa mgonjwa jeni ya akiba, uungaji ukaizima. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, hujibandika kwenye introni ya 7, ikafunika mahali panapoushawishi mtambo kuruka, na eksoni hurudi.

Isichukuliwe lakini kwamba kila ujumbe unaoonekana una kazi. Protini zenyewe zinapopimwa kwa spektrometa ya tungamo, chombo kinachozitambua kwa uzito wa vipande vyake, jeni nyingi huonesha aina moja kuu, na matoleo mengi ya RNA hayaonekani kabisa. Mengine ni makosa ya mtambo. Mwandishi anayesema binaadamu ana protini laki kadhaa kwa sababu ya uungaji peke yake anakwenda mbele ya ushahidi.

Kuyaona kwa macho

Maabara ya kawaida ya chuo, Tunguu au kwengine, inaweza kuyaonesha haya. Toa RNA, iondoshee mabaki ya DNA kwa kimeng'enya, igeuze kuwa cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA), kisha fanya PCR, yaani izidishe mara nyingi, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) zilizokaa kwenye eksoni za pembeni, si ndani ya ile inayorukwa. Glavu ni lazima: ngozi ya mkono hutoa vimeng'enya vya kukata RNA vya jamii ile ile ya RNASE1. Bomba moja liendeshwe bila ya kimeng'enya cha kugeuza RNA. Likitoa mstari kwenye jeli, DNA ilibaki.

Kwa *SMN*, praima ziwe eksoni ya 6 na ya 8. Mistari miwili itatafautiana herufi 54, kwa hiyo jeli ya agarosi iwe ya asilimia 2.5 au 3. Ya asilimia 1 itakupa doa moja pana. Mizunguko isiwe mingi, kwani PCR hupendelea kipande kifupi na huzidisha kiwango cha kilichorukwa. Kwa *PKM* jeli peke yake haisaidii, maana matoleo yote yana urefu mmoja. Kata zao la PCR kwa PstI, kimeng'enya cha kukata DNA ambacho hukata PKM2 peke yake, na bomba jengine kwa NcoI, ambayo hukata PKM1.

Nakala za urudufu zina mtego wake. Kisomi, yaani kipande kilichosomwa na mashine, cha herufi 150 kilichotoka kwenye sehemu inayofanana kinaweza kuwa cha nakala yoyote. Programu ama hukitupa ama hukigawa, na jeni mbili zenye nguvu zikaonekana dhaifu. Angalia kwanza mpangilio wa programu yako kuhusu visomi vinavyolingana na zaidi ya mahali pamoja, na inapowezekana tumia usomaji mrefu. Kwa *SMN* ipo njia rahisi: eksoni ya 8 ya *SMN2* ina mahali ambapo kimeng'enya DdeI hukata, na *SMN1* haina. Zao la PCR likikatwa kwa kimeng'enya hicho kabla ya kwenda kwenye jeli, kila mstari utakuonesha jeni uliyotoka.